Nimepungua kilo 11 lakini kitambi kimegoma, mafuta ya tumbo yana nini?

#1 Mtu wa Kariakoo
Wakuu salaam. Mwezi wa tatu nilipanda mizani ikasoma 98, nikashtuka. Nikaacha soda, nikaacha supu na chapati mbili za asubuhi, usiku nakula nusu ya nilichokuwa nakula, na jioni natembea kwa mguu kutoka dukani mpaka Magomeni ndio napanda gari. Leo miezi mitano, mizani inasoma 87. Kilo 11 sio mchezo.

Sasa shida iko hapa. Mashavu yameisha, shingo imebaki kama ya kuku wa kienyeji, makalio ndio usiseme, suruali inapwaya nyuma kama bendera. Lakini KITAMBI KIPO. Kimekaa palepale kinaniangalia. Nikiinama kufunga kamba za viatu bado kinanikaba pumzi. Juzi msibani shangazi yangu kaniita pembeni nyuma ya turubai, kaniangalia usoni weee, akaniuliza kwa sauti ya chini "mwanangu, ushapima?" Nikafungua koti nimuonyeshe kitambi kama ushahidi kuwa siumwi, ndio akacheka.

Swali langu, kwanini mwili unakula mashavu na makalio ambayo hayana kitu unaacha ghala lote limejaa pale mbele? Wenye uzoefu karibuni.

#2 Mchimba Chumvi
Nimeweka mkeka hapa nasubiri madaktari wa humu. Hiyo ya shangazi imeniua.

#3 Dume la Nyasa
Mkuu hujafanya mazoezi ya tumbo ndo maana. Kutembea kunapunguza miguu, kitambi kinataka sitapu. Piga 200 asubuhi 200 jioni, wiki tatu uje kunishukuru. Mafuta ya tumbo yanageuka kuwa misuli unabaki na pakti sita.

#4 Kocha Jogging
#3 acha kumpoteza mwenzio. Mafuta hayageuki kuwa misuli hata siku moja, ni vitu viwili tofauti, ni sawa na kusema siagi inageuka nyama. Na hakuna cha kupunguza sehemu moja. Wazungu walishapima hili mwaka 1971, wakachukua wacheza tenisi, yaani watu ambao mkono mmoja unafanya kazi miaka na miaka kuliko mwingine, wakapima unene wa mafuta chini ya ngozi mikono yote miwili. Misuli ya mkono wa raketi ilikuwa mikubwa ndio, ila mafuta yalikuwa sawasawa kulia na kushoto. Ukipiga sitapu misuli ya chini inakaza, blanketi la juu linabaki lilivyo. Mimi kwenye klabu yetu ya jogging Temeke nina mzee anapiga sitapu 150 bila kupumzika na kitambi anacho cha kuwekea kikombe cha chai.

#5 Dume la Nyasa
#4 Sasa mbona mabondia wanapiga sitapu na hawana vitambi? Tenisi sio tumbo kaka.

#6 Kocha Jogging
Mabondia wanaruka kamba, wanakimbia alfajiri, na wiki ya kupima uzito wanalala njaa. Unaona sitapu kwa sababu ndio inayopigwa picha.

#7 nesi_zamu_ya_usiku
Habari za humu. Nipo zamu wodi imetulia ngoja nijaribu.

Mtoa mada, unasema mafuta ya tumbo kama vile ni kitu kimoja, lakini yapo ya sehemu mbili. Kuna ya chini ya ngozi, haya unayoweza kuyakamata kwa vidole, wengine mnaita manyama uzembe. Halafu kuna ya ndani, nyuma ya misuli, yanayozunguka ini, utumbo, na lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo. Ya ndani ndio mabaya kwa kisukari na presha, lakini hayohayo ndio yanatoka upesi mtu akianza kupungua. Ya chini ya ngozi ndio mabishi.

Kwanini mabishi? Wewe wa Kariakoo utanielewa hivi. Seli ya mafuta ni stoo yenye vijana wawili mlangoni. Mmoja ukipiga simu anatoa mzigo, mwingine kazi yake kusema subiri. Simu yenyewe ni adrenalini. Huyo anayetoa kwa kitaalamu anaitwa kipokezi beta, anayezuia ni alfa-2. Mafuta ya chini ya ngozi, hasa tumbo la chini, nyonga na mapaja, yana akina alfa-2 wengi kuliko yale ya ndani, na damu inapita kidogo, kwa hiyo hata mzigo ukitolewa unachelewa kubebwa. Homoni ni zilezile mwili mzima ila stoo haziitikii sawa.

Swali kwako. Kitambi chako kabla ya mwezi wa tatu kilikuwa kigumu kama ngoma au laini? Na sasa hivi?

#8 Mwalimu wa Zamu
Mimi sio mtu wa afya, mimi nafundisha hesabu, ila naona hapa hata biolojia haihitajiki. Mtoa mada taja mzingo wa tumbo kabla na sasa, nina kitu nataka kuonyesha.

#9 Mtu wa Kariakoo
Nesi, kilikuwa kigumu. Nilikuwa nakipiga kinalia ndu ndu, watoto walikuwa wanacheza nacho. Sasa hivi ni laini, nikikaa kinajikunja, naweza kukikamata kwa mkono kama unga uliokandwa.
Mwalimu, mwezi wa tatu fundi alinipima 108 usawa wa kitovu. Juzi 101.

#10 Mchimba Chumvi
Jamaa anatuambia kitambi kimegoma kumbe kimetoka sentimita 7 😂😂 mods badilisheni kichwa cha habari

#11 Mwalimu wa Zamu
Haya sasa tuone. Mzingo ni mara 6.28 ya nusu kipenyo. Ukigawa 7 kwa 6.28 unapata 1.1. Yaani kwa hesabu ya haraka, tukichukulia tumbo ni duara, ukuta wa tumbo lako umesogea ndani sentimita moja na kidogo tu kila upande. Kazi ya miezi mitano yote, kwenye kioo ukijiangalia kwa ubavu ni upana wa kidole kidogo. Nani ataona? Lakini shavu likipungua sentimita moja shangazi anakuuliza kama ushapima. Sentimita ni ileile, ila shavu lilikuwa na mbili tu na tumbo lina zaidi ya kumi. Kwa hiyo inawezekana kabisa tumbo lako ndio limetoa mzigo mkubwa kuliko sehemu zote, hulioni tu.

#12 Mtu wa Kariakoo
#11 Mwalimu umenipa moyo na umenivunja moyo kwa pamoja.

#13 nesi_zamu_ya_usiku
Hesabu ya mwalimu nimeipenda. Na jibu lako la ngoma na unga linanipa picha kwamba mzigo wa ndani umetoka sana, kwa sababu kitambi kigumu mara nyingi ni mafuta ya ndani yanasukuma misuli kwenda mbele. Kilichobaki ni cha nje. Usiache kujipima kwa futi. Kwa mwanaume kuanzia sentimita 94 ndio hatari inaanza kupanda, 102 kwenda juu hatari kubwa. Kwa mwanamke 80 na 88. Umetoka upande mbaya wa 102 mkuu, hilo sio dogo.

#14 Fundi Suruali
Ngoja na sisi wa cherehani tuseme maana hivi vitu tunaviona miaka yote. Mteja akianza kupungua nguo inamwachia kwanza mabegani na shingoni, kola inabaki wazi kidole kinaingia. Kisha mapaja. Kiuno cha suruali kinafuata. Tumbo la chini hapa chini ya kitovu ndio la mwisho, na kuna watu haliishi. Wanawake ni tofauti kidogo, wengi wananiletea gauni nibane kifua kwanza, wanalalamika kweli, nyonga inabaki.

Halafu wanaume mnajidanganya na namba ya suruali. Mtu anavaa 34 miaka ishirini mfululizo anajisifu, kumbe anaivalia chini ya kitambi. Suruali imeshuka, tumbo ndio limepanda. Mtoa mada afadhali wewe umepima kitovuni.

#15 Dume la Nyasa
#14 umenigusa fundi. Mimi ni 34 tangu chuo

#16 Mchimba Chumvi
#15 Hahahaha sitapu 200 na bado unavalia chini ya kitambi

#17 Mama Wawili
Nyie wanaume mna bahati mnapima kwa kitovu. Mimi nimejifungua mara mbili kwa kisu, nimerudi kilo 63 zilezile za kabla ya ndoa, lakini kwenye daladala kijana kaniachia siti "mama kaa usije ukachoka". Nikakaa. Ningesema nini.

Nilihangaika na sitapu kama #3 alivyosema, mkanda, chai za mitandaoni. Mpaka nikakutana na dada wa fiziotherapia akanilaza chali, akaniambia nyanyua kichwa kidogo, akaweka vidole juu ya kitovu. Vidole vitatu viliingia katikati ya misuli! Akasema misuli ya mbele iliachana wakati wa mimba haijarudi, hayo sio mafuta, ni tumbo halina mlango. Na zile sitapu nilizokuwa napiga zilikuwa zinasukuma vitu nje zaidi. Akanipa mazoezi ya kupumua na kuvuta tumbo ndani, ya kipuuzi kabisa ukiyaangalia, miezi minne vidole vimebaki kimoja na nusu. Kwa hiyo akina mama msikimbilie kusema mafuta.

#18 Bi Mkubwa Ng'ambo
Mama Wawili pole. Lakini hayo ndo matokeo ya kudharau ya wazee. Sie huku Unguja mzazi anakaa ndani arubaini, anakandwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga mpaka anabana pumzi. Mie nimezaa sita na tumbo langu bapa. Siku hizi wanazaa leo, keshokutwa wako kazini, kanga wanaona haya.

#19 Mama Wawili
#18 Bibi shikamoo. Nilifungwa na mama mkwe mwezi mzima, kanga mbili.

#20 Bi Mkubwa Ng'ambo
Marahaba. Basi hakujua kufunga.

#21 nesi_zamu_ya_usiku
😂 Bi Mkubwa. Kanga inashikilia, inampa mzazi nafuu ya mgongo, sikatai, lakini haichomi mafuta. Na kwa aliyejifungua kwa kisu uangalifu uwepo, wasimkande maji ya moto juu ya kidonda.

#22 Vingunguti Machinjioni
Hapa mnaongea nadharia mimi naona kwa macho kila alfajiri. Mbuzi ukimchuna kwa nje hana mafuta ya maana, mkavu. Mpasue sasa. Lile pazia la mafuta alilosema nesi linatoka kama wavu mweupe umefunika matumbo yote, na figo zimezama kwenye mafuta huzioni, unazitafuta kwa kidole. Kondoo yeye anaweka kwenye mkia. Ng'ombe aliyenenepeshwa anaweka mgongoni unakuta shuka nene. Kila mnyama Mungu kampa pa kuwekea. Kwa hiyo mtoa mada inawezekana ukoo wenu ni wa mbuzi, mnaweka tumboni. Muangalie baba yako.

#23 Mtu wa Kariakoo
#22 Mzee wangu alikuwa na kitambi na miguu kama mwiko. Kaka zangu wote hivyohivyo. Dah

#24 Mchimba Chumvi
Ukoo wa mbuzi umethibitishwa. Tufunge uzi?

#25 Msomi wa Mabibo
Msifunge. Hilo la ukoo lina ukweli, sehemu mafuta yanapokaa inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Na jinsia inaingia hapo, mwanamke kabla ya kukoma hedhi estrojeni, homoni ya kike, inapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja, ikishuka anaanza kuota kitambi kama mumewe.

Mimi naongeza sababu nyingine. Ukipungua, seli za mafuta hazifi zikaisha, zinasinyaa tu. 2008 watafiti wa Sweden walitoa kazi moja nzuri sana, walitumia kaboni iliyobaki hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kujua umri wa seli za mafuta. Wakaona mtu mzima idadi yake inabaki ileile, kama asilimia 10 zinakufa kila mwaka na zinazaliwa nyingine kuziba nafasi, hata kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito wakapungua sana. Yaani mtoa mada yale magunia bado yapo pale mbele, matupu nusu, yanasubiri ulegee.

#26 Kocha Jogging
#25 hapo ndio ninapowaambia watu wangu kila Jumamosi, ukiacha umerudi. Na wale wa kuvaa makoti ya nailoni na kujifunga mfuko wa plastiki tumboni ili watoe jasho, hayo ni maji, ukinywa chupa mbili yamerudi.

#27 Dume la Nyasa
Sasa mafuta yanatokea wapi kama sio jasho? Chooni?

#28 Msomi wa Mabibo
#27 Puani. Sikutanii. 2014 ilichapishwa hesabu yake huko Uingereza kwenye jarida la madaktari, kilo 10 za mafuta zikichomwa, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni unayoipumua na 1.6 inakuwa maji.

#29 Dume la Nyasa
Kwahiyo nikipumua sana napungua?

#30 Msomi wa Mabibo
Ukipumua haraka bila kufanya kazi utazimia tu.

#31 Wanga Adui
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni moja, INSULINI. Ukila ugali, wali, mkate, ndizi, insulini inapanda, na insulini ikiwa juu mafuta hayatoki. Mtoa mada kasema anakula nusu ya alichokuwa anakula, lakini nusu ya ugali bado ni ugali. Kata wanga wote, kula nyama, mayai, parachichi, mboga. Mimi nilikata nikashuka kilo 5 wiki mbili.

#32 Kocha Jogging
#31 hizo 5 za wiki mbili nyingi ni maji. Wanga ukikaa mwilini unakaa na maji yake, gramu moja na maji kama gramu tatu, ukikata wanga unakojoa. Wiki ya tatu mizani inagoma watu wanakuja kulia kwangu.

#33 Msomi wa Mabibo
Na lilishapimwa. Stanford 2018, watu 609 mwaka mzima, kundi moja mafuta kidogo kundi jingine wanga kidogo. Wa mafuta kidogo walipungua kilo 5.3 wa wanga kidogo kilo 6, tofauti yake haina maana kitakwimu. Na ndani ya kila kundi wapo walioshuka sana na wapo walioongezeka. Waliangalia insulini pia, haikutabiri nani atafaidi lipi.

#34 Wanga Adui
#33 Hao Wamarekani wanga wao ni saladi na maharage. Walete watu wanaokula ugali wa kuficha mtu upande wa pili wa meza ndio tuongee. Mimi mwili wangu ndio ushahidi.

#35 Mchimba Chumvi
Weka picha ya ushahidi

#36 Wanga Adui
Sina muda wa kupiga picha

#37 Mlinzi wa Getini
Mimi nalinda usiku miaka saba. Nilipoanza nilikuwa na kilo 70 tumbo hakuna. Chakula sijabadilisha, mchana silali vizuri watoto wanapiga kelele, bati linawaka. Sasa nina kitambi na mikono ileile. Nikasikia redioni daktari anasema usingizi mbovu na mawazo yanapandisha kortisoli, homoni ya msongo, na kortisoli inaweka mafuta tumboni. Mtoa mada unalala masaa mangapi? Wafanyabiashara wa Kariakoo nyie kila nikiwaona ni mawazo tu.

#38 Mtu wa Kariakoo
#37 Masaa manne, matano. Kontena likichelewa hata mawili silali.

#39 nesi_zamu_ya_usiku
Mlinzi kasema kitu. Kortisoli ikizidi sana tunaiona wodini kabisa, uso unakuwa duara, kitambi kikubwa, miguu na mikono myembamba. Lakini hiyo ya kiwango hicho mara nyingi inatokana na dawa, mtu kameza steroidi miaka kwa ajili ya pumu au mifupa, na wengine akina dada wanajipaka mikorogo yenye steroidi kali mwili mzima bila kujua. Mawazo ya kawaida na kukosa usingizi yanachangia ndio, ila kuna na upande wa pili, ambaye hajalala anakula zaidi. Mlinzi, usiku getini unakula nini?

#40 Mlinzi wa Getini
Chai na mandazi. Manne. Saa nane usiku tena mawili

#41 nesi_zamu_ya_usiku
Na chai ina sukari vijiko vingapi

#42 Mlinzi wa Getini
Tuachane na hayo.

#43 Safari Njema
Hii ya chai za kupunguza tumbo aliyogusia Mama Wawili nina ushuhuda, naomba mnisikilize.

Nilinunua mtandaoni boksi moja, picha ya tumbo bapa mbele. Maelekezo kunywa usiku. Nikanywa Alhamisi usiku, kimya. Nikasema labda dozi ndogo, Ijumaa alfajiri nikanywa vifuko viwili nikapanda basi la Morogoro saa kumi na mbili. Tumefika Mlandizi tumbo likaanza kuongea. Nikabana. Vigwaza nikaanza kutoka jasho la baridi, jirani yangu mama mmoja ananipepea na gazeti anadhani ni malaria. Nikaenda mbele kwa konda nikamwambia kaka simamisha, akaniambia tunashuka Chalinze. Nikamshika shati nikamwambia kaka HATUFIKI CHALINZE. Gari zima likasikia. Dereva akapaki porini, nikashuka mbio, na watu wamefungua madirisha wananipa moyo.

Nilivyorudi nikasoma boksi vizuri, kwa maandishi ya mchwa imeandikwa majani ya sena. Nikamuonyesha bibi yangu mzaa mama akacheka mpaka akakaa chini, "mwanangu si sanamaki hii, sie tulikuwa tunapewa ya kuharisha". Tumbo lilikuwa bapa kweli siku mbili. Jumatatu limerudi.

#44 Mchimba Chumvi
HATUFIKI CHALINZE 😂😂😂😂 naomba iwekwe kwenye saini yangu

#45 Bi Mkubwa Ng'ambo
Sanamaki ni dawa ya haja, haina kosa. Vifuko viwili na safari, kosa lako.

#46 Mkulima Eldoret
Habari zenu majirani. Huku kwetu tumbo tunaiweka kwa pombe. Bia ya nusu lita ni kama kalori mia mbili hivi, weekendi ukipiga nne mbele ya mechi ni mia nane, na hapo hujaguza nyama choma. Na ini ikipata pombe inashughulika nayo kwanza, mafuta inaambiwa ingoje. Mtoa mada umetaja soda, umetaja chapati, pombe hukutaja. Unatuficha?

#47 Mtu wa Kariakoo
#46 Jirani mimi situmii kabisa. Kitambi changu ni cha halali.

#48 Mkulima Eldoret
Haya basi, pole. Halafu hizo sentimita 7 mimi ningekuwa nishachinja mbuzi.

#49 Jina Kapuni
Nimesita kuandika. Mtoa mada shangazi yako aliuliza kwa utani wa uchungu lakini mimi ndio huyo anayeulizwa. Nipo kwenye dawa tangu 2006. Zile za mwanzo, wenyewe wa kipindi kile wanazijua, ilikuwemo stavudini, zilinikausha mashavu na makalio mishipa ya miguu ikasimama kama kamba, na tumbo likatuna. Watu walikuwa wanasema nimepona nimenenepa na wengine wanasema naisha, siku hiyohiyo, inategemea wameniangalia wapi. Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi 2009 ziachane nayo, nikabadilishiwa. Makalio hayakurudi sana. Tumbo lipo mpaka leo na natembea kila siku. Kwahiyo kuna watu tumbo halitoki sio kwa ulafi wala uvivu, tusichekane sana.

#50 Mtu wa Kariakoo
#49 Asante sana ndugu yangu. Nimekusoma mara mbili.

#51 Kocha Jogging
#49 heshima kwako. Na bahati mbaya barabarani tunahukumu watu kwa tumbo.

#52 Dada Mkubwa Mbeya
Niongeze la tahadhari. Mdogo wangu alifunga, akakonda mwili mzima, tumbo la chini likabaki gumu na likaanza kuongezeka. Tulimcheka anakula usiku kwa siri. Alipopigwa ultrasaundi uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, ukatolewa. Tumbo linalokua wakati mwili unakonda, au gumu upande mmoja, au linajaa maji, hilo usiliulize mitandaoni nenda hospitali.

#53 Pesa Ipo
Yote ya nini, nenda Nairobi au India likanyonywe kwa mrija. Saa mbili limeisha.

#54 Msomi wa Mabibo
#53 linaondoka la kuonekana. 2004 kuna wanawake 15 wanene walinyonywa mafuta ya tumbo ya chini ya ngozi, karibu kilo 10 kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12 wakapimwa, presha, sukari, insulini, lehemu, hakuna kilichobadilika. Kwa sababu yaliyonyonywa ni hayahaya ya nje, ya ndani yalibaki. Mtoa mada yeye kafanya kinyume chake, katoa ya ndani kabakiza ya nje. Mimi ningechagua yake.

#55 Pesa Ipo
Mimi nilikuwa naongelea shati linavyokaa, nyie mnaleta lehemu.

#56 Mwalimu wa Zamu
Na hapo ndipo sikubaliani na nesi wala Msomi, hakuna aliyempima mtoa mada kwa mashine, hayo ya "ndani imetoka" mmeyajua kwa ndu ndu ya kupiga tumbo. Inawezekana ni misuli tu imelegea kama ya Mama Wawili, mbona mnadhani wanaume haiwapati. Mtu kabeba ngoma miaka kumi, ngozi na misuli vimevutika.

#57 nesi_zamu_ya_usiku
#56 inawezekana. Nilisema inanipa picha, sikusema nimeiona. Naingia kugawa dawa za saa kumi na mbili, tutaongea.

#58 Wanga Adui
Insulini.

#59 Mtu wa Kariakoo
Wakuu nimesoma yote. Nimelala chali hapa dukani nyuma ya mabalo nikajiwekea vidole kama alivyosema Mama Wawili, viwili vimeingia, sijui ni kawaida au vipi, kijana wangu wa dukani kanikuta anauliza bosi unaumwa. Nitaendelea na mguu, nitajitahidi kulala, na baba ndio hivyo siwezi kumbadilisha. Fundi Suruali, nina suruali tano zinapwaya nyuma ila mbele zinabana. Unaweza kubana makalio tu?

#60 Fundi Suruali
Inawezekana, tunavunja mshono wa nyuma tunaingiza. Lete ila usiniambie nikate kitambaa. Nakunja kwa ndani nabakiza, mwaka jana mteja alipungua kama wewe nikamkatia tano, Desemba kaenda kwao, Januari kanirudia analia.

#61 Dume la Nyasa
Fundi upo wapi? Na mimi nataka nipimwe kitovuni ila usinitangaze humu